Sijda Ndefu ya Imamu Razini

Wametusimulia waliotutangulia, na ukweli wote uko kwa Mwenyezi Mungu, ya kwamba katika mtaa mmoja wa Basra alikuwako imamu akiitwa Razini bin Wadaa, Allah amrehemu. Alikuwa mpole wa ulimi na mwepesi wa machozi, na alipokisoma Kitabu hata wauza ngozi waliacha kugombania bei wakasikiliza. Alikuwa na kasoro moja, na watu wa mtaa wakaihesabu kuwa ni fadhila. Hakuweza kukataa sahani.

Kila mwenye haja alimpikia. Aliyetaka mtoto alileta harisa, mwenye mgonjwa alileta wali wa samli, mwenye safari alileta halua, wote wakiamini kwamba tonge likiingia kinywani mwa mcha Mungu, dua haikawii. Imamu alikula ili asimvunje mtu moyo. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Mkewe, Bibi Lubaba, alimwambia siku moja, "Mume wangu, na moyo wangu mimi je? Wenyewe hauvunjiki?" Akacheka, akamtania kwamba anaona wivu kwa mapishi ya watu.

Miaka ikapita na mwili ukajaa. Akapanda ngazi tatu akasimama kutafuta pumzi. Akanywa mtungi mzima wa maji na kiu isikatike. Akijinyoosha mchana kupumzika, pumzi ilimkwama kooni mpaka Bibi Lubaba akamtikisa kwa hofu. Kisha kikamtoka kidonda unyayoni, na kidonda kile hakikupona.

Akaitwa tabibu, mtu mkavu asiyejua kubembeleza, jina lake Hunaifu. Alimtazama sana, kisha akasema, "Imamu, sikufichi. Moyo wako unabeba mzigo wa watu wawili. Mkojo wako umekuwa mtamu, sisimizi wanaufuata. Punguza chakula, utembee kila siku. Usipofanya hivyo utaondoka mguu, kisha macho, kisha wewe mwenyewe."

"Nikizirudisha sahani zao watasema nimetakabari."

"Na nikikuzika, watasema nini?"

Sikio la kufa halisikii dawa, na jioni ile Imamu aliletewa harisa akaila.

Ikawa siku moja, katika sala ya adhuhuri, Imamu alisujudu asiweze kuinuka. Tumbo lilimkandamiza kifua, magoti yakamgomea. Akabaki paji la uso chini, akihema. Nyuma yake safu zote nazo zikabaki chini zikimsubiri, na katika kule kusubiri mtu mmoja akaanza kulia, kisha wa pili, kisha msikiti mzima. Alipofanikiwa kuinuka kwa kushika ukingo wa mihrabu, na sala ikaisha, wakamzunguka wakimbusu mikono. "Maishani mwetu hatujaona khushuu na unyenyekevu wa sala kama huu," wakasema.

Hapo ndipo mtihani wake ulipomfika. Alifungua kinywa aseme kweli. Akaziona nyuso zao zimelowa machozi kwa ajili yake, akakifunga.

Habari ikaenea Basra nzima. Wakaja watu wa mitaa ya mbali kusali nyuma ya imamu mwenye sijda ndefu, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Yule aliyekuwa akiwafundisha watu kwamba chakula kijaze theluthi moja tu ya tumbo sasa alikula mara sita kwa siku, na kila sijda ilizidi kuwa ndefu, na kila kilio kilizidi. Nyumbani alikuwa akilia yeye. "Lubaba, wanasifu maradhi yangu."

"Basi waambie."

"Ijumaa nitawaambia."

Ijumaa zikapita, nimesikia, thelathini na zaidi. Bibi Lubaba alichoka kuuliza. Alikuwa akimfunga kidonda kila asubuhi, anaona kinavyopanda, na anawasikia wageni mlangoni wakimpongeza kwa kuolewa na walii. Sijui mwanamke yule alistahimilije.

Mguu ukageuka mweusi. Tabibu akasema hakuna budi ukatwe kesho yake. Siku hiyo hiyo ya kuambiwa, nayo ilikuwa Ijumaa, Imamu akaomba abebwe mpaka msikitini. Hakuingia ndani, maana kidonda kilikuwa kikivuja. Akakaa nje ngazini mpaka watu walipotoka, akawaambia, "Enyi watu, ile sijda haikuwa khushuu. Nilikuwa nimekwama. Nilikula mpaka nikashindwa kuinuka mbele ya Mola wangu, mkaniita mcha Mungu nami nikanyamaza."

Mmoja wao akapaza sauti, "Subhanallah! Tazameni unyenyekevu wake!" Wakaanza kulia upya, wakasogea kumbusu mikono.

Imamu akawatazama, akaona kwamba maneno yake yamekuja wakati hayana nguvu tena. Akakifungua kitambaa, akaunyanyua mguu kwa mikono yake miwili. Harufu ikawafikia wa mbele, wakarudi nyuma wakiziba pua.

"Nuseni," akasema. "Huu ndio ucha Mungu wangu."

Hapo wakaamini.

Mguu ulikatwa, lakini moyo uliochoka haukustahimili. Siku ya kumi na tisa Bibi Lubaba alikaa kando yake akamuuliza, "Umeridhika, mume wangu?" Akasema, "Nimesema kweli, Lubaba. Ila nimeisemesha nyama iliyooza, na nilikuwa na ulimi mzima miaka yote." Kisha akasema, "Laiti ningesujudu mara moja tu, nikainuka mwenyewe." Hakujaliwa. Alifariki kabla ya alasiri, na ilibidi jeneza lake libebwe na watu kumi na wawili, wakipokezana kila hatua chache.

Enyi ndugu zangu, tunataraji Mola amemsamehe, kwani alisema kweli, ingawa alichelewa. Lakini msamaha haukumrudishia Bibi Lubaba mumewe. Mwili ni amana, na mwenzi wako anayeukumbatia usingizini ndiye wa kwanza kujua unapoharibika, basi akikuambia, usimcheke. Mimi ninayewasimulia haya nimeketi kitini, na mmezoea kudhani ni heshima ya darasa. Siyo. Siwezi kusimama tena kwa muda wa kisa kizima. Niombeeni dua, wala msinipikie.