Mashada Ndani ya Jora

Ugonjwa hauna haya. Wenye haya ni sisi tunaoufunika. Anayeuficha hudhani amewafumba watu macho, kumbe anamlea adui asiyejua kutunza siri. Ilibaki kidogo tu Devendra, muuza vitambaa wa Kariakoo, ajifunze hayo kwa kilio.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa milango, majora kutoka Dubai yakamiminika Kariakoo kama mvua ya masika. Duka la Devendra lilifurika. Ghorofani, juu ya duka, aliishi na mkewe Anjana na binti yao wa pekee, Tanvi, msichana wa miaka kumi na tisa, msemaji kama chiriku. Posa yake ilikuwa imekwisha kuletwa na kijana Jeet wa Tanga. Lakini mwaka ule, mara mbili, simu ya mezani ililia ghafla na Tanvi akaanguka chini kama gunia, fahamu zimemtoka.

"Ni joto," alisema Devendra mara ya kwanza. Mara ya pili akasema ni njaa.

Anjana hakudanganyika. Alimpeleka binti yake hospitali, akakutana na Violeth, muuguzi mzaliwa wa Songea aliyekuwa miongoni mwa watafiti wa mapigo ya moyo yanayovurugika kwa kurithi. Mashine ilichora mistari ya moyo wa Tanvi, lakini mistari ile ilitia shaka tu, haikukata shauri.

"Lazima niwajue ndugu zake, walio hai na waliofariki," alisema Violeth. "Nitakuja nyumbani Jumamosi."

Devendra aliposikia habari hizo alikuja juu kama maziwa jikoni. "Unataka Tanga wasikie? Nani ataoa moyo mbovu?"

"Na nani ataoa maiti, Baba Tanvi?"

Devendra alitazama ukutani, zilipotundikwa picha mbili: ya mdogo wake, Bhargav, na ya dada yao, Darshana. Kila picha ilivikwa shada la sandali, mti wa kunukia, kwa maana kwa desturi yao picha ya marehemu huvikwa shada, na isiyo na shada ni ya aliye hai. Bhargav alianguka sikukuu ya Diwali, fataki ilipolipuka. Darshana alianguka jikoni, sinia lilipodondoka sakafuni. Wote hawakuamka tena.

Jumamosi asubuhi, Devendra alipanda kwenye kiti, akayavua mashada yale, akashuka nayo dukani na kuyaviringisha ndani ya jora la hariri la rafu ya juu.

"Shikamoo, mzee," Violeth alisalimu alipoingia.

"Marahaba, binti. Karibu."

Violeth alikunjua karatasi yake, akatazama picha. "Na hawa?"

"Huyo yuko Uingereza. Na huyo yuko Nairobi," Devendra alijibu, macho yake yakiwa sakafuni. "Wazima wa afya."

Anjana alifumba macho. Kabla hajafumbua kinywa, vishindo vilisikika ngazini. Alikuwa Rajabu, mchukuzi wa siku nyingi wa duka lile, anahema, mashada mawili yakining'inia mkononi.

"Bosi, leo umeniua! Mteja wa Mbagala kanunua ile hariri ya juu, kuifungua tu, kapiga yowe! Anasema umemroga. Si mashada ya marehemu Bhargav na dada yake haya? Mimi ndiye niliyembeba Bhargav siku ile, nayajua!"

Tanvi alimtazama baba yake usoni.

"Baba, na shada langu utalificha wapi?"

Maneno yale yalimchoma Devendra kuliko mkuki. Aliyapokea mashada, akapanda tena kwenye kiti, akawavika ndugu zake. Alipoteremka, alisema yote.

"Wote wawili ni kelele ya ghafla?" Violeth aliuliza, kalamu ikikimbia.

"Wote."

"Basi, mzee, umetupatia ufunguo."

Madaktari waliupata ugonjwa: moyo unaochelewa kujipanga baada ya kila pigo, ukishtuliwa hupotea njia. Tanvi alipewa vidonge vya kuutuliza. Devendra naye alipimwa, akaonekana kuwa ndiye aliyemrithisha. Simu iliondolewa sebuleni, ikashushwa dukani.

Kutoka dukani humo, Devendra aliwapigia Tanga. Aliwaeleza bila kupunguza neno, kisha akasubiri. Mwisho Jeet alishika simu.

"Anakunywa vidonge saa ngapi, Baba? Nami nizoee saa hizo."

Harusi ilifana, ingawa hapakulipuliwa fataki hata moja.

"Harusi ya Kihindi kimya hivi?" Rajabu alimtania. "Umefilisika, bosi?"

Devendra alimtazama binti yake akicheka kwa sauti katikati ya wageni, shingoni amevaa shada la maua mabichi, shada la walio hai.

"Sijafilisika, Rajabu. Nimeponea chupuchupu, maana mficha maradhi, kifo humuumbua."