Chemchemi ya Mhavile

“Mwonyesha chemchemi hunywa kwa kibali.” Mmemsikia mama yenu akimwambia jirani, mkacheka. Haya, sogeeni, na mikono iendelee kupukuchua mahindi. Chanzo cha maneno hayo hakichekeshi hata kidogo.

Zamani za Wajerumani, mzungu mmoja alikuja na askari wake akapiga hema juu ya kilima cha Lihanje. Juu kule ni mawe matupu. Wazee wakaambizana, “Tulieni. Kiu itawaondoa.”

Lakini mwanakijiji mmoja, Mhavile, alikuwa amelelewa kwa desturi ya kwao: mgeni huonyeshwa maji kwanza, safari yake huulizwa baadaye. Alipowaona askari midomo imewapasuka, moyo ulimshinda. Akawapeleka ubavuni mwa kilima, akasogeza majani, na chemchemi ikaonekana. Askari mmoja alikuwa hoi, ikabidi Mhavile amnyweshe kwa viganja vyake. Mzungu akamwita rafiki.

Mwezi haukupita, watu wakakamatwa kubeba mawe ya kujenga boma, Mhavile naye akiwamo. Ukuta ukateremka kilimani, ukaizunguka chemchemi, ukafungwa kwa lango la mninga. Wazee walimtazama tu Mhavile. Hakuna aliyemkemea, na hilo lilimuuma zaidi.

Kiangazi kilichofuata mto ulikauka. Tulalumba, binti yake wa pekee, alikuwa amejifungua juzi tu na homa ilikuwa ikimchoma. “Baba, maji,” ndilo neno lililobaki kinywani mwake. Mhavile akachukua kibuyu, akapanda hadi langoni.

“Kibali kiko wapi, mzee?” askari akauliza.

“Kibali cha maji, mwanangu? Hunijui? Ni mimi niliyewaonyesha.”

Askari akainamisha kichwa. Alikuwa yule yule wa viganjani. “Nakujua, baba. Ulininywesha. Lakini bwana mkubwa amelala, na nikikufungulia bila amri yake nitachapwa viboko.”

“Basi mwamshe. Mwanangu anakufa.”

“Kumwamsha pia ni viboko, baba. Nisamehe.”

Mhavile akakaa chini, kibuyu mapajani. Alisikia maji yakichuruzika nyuma ya ukuta, juu ya mawe aliyoyabeba mwenyewe. Jua lilipoinama mzungu akaamka, akacheka kumwona rafiki yake, akampa kibali bila kinyongo.

Alikimbia nyumbani bila kumwaga hata tone. Kilio alikisikia kabla hajauona mlango. Maji yale wanawake waliyatumia kumwoshea Tulalumba.

Msimwite mpumbavu, wanangu. Alikuwa muungwana, na hiyo ndiyo huzuni yenyewe. Mpaka uzeeni hakumnyima mgeni maji hata siku moja. Ila alimletea kibuyuni, akakaa naye mpaka amalize. Na mgeni akiuliza, “Maji matamu haya, mnateka wapi?” Mhavile alimtazama mjukuu aliyeachiwa na Tulalumba, akajibu polepole:

“Kunywa tu, mgeni wangu. Mwonyesha chemchemi hunywa kwa kibali.”