Mwadhini Aliyeponywa Macho

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Shamu palikuwa na mwadhini kipofu aliyeitwa Shuraihi bin Matari. Zama hizo mnara haukukabidhiwa mtu mwenye macho. Nyumba za mji zilikuwa na mapaa bapa, na juu yake wanawake walianika ngano, walisukana nywele, na wakati wa joto walilala huko na watoto wao. Aliyesimama mnarani angeona yote. Kwa hiyo mja aliyeujenga msikiti ule aliweka sharti katika wakfu wake: mwadhini awe kipofu, naye apewe chumba ubavuni mwa msikiti akae na ahali yake. Atakayeicheka desturi hiyo na aicheke. Mimi natamani irudi.

Shuraihi alipofuka ujanani, utando mweupe ulipomfunika mboni. Akawa anapanda ngazi za mnara kwa kupapasa ukuta, na sauti yake ilikuwa nzuri hata wauza mboga waliacha kubishana bei. Aliipenda kazi hiyo kuliko chakula.

Ikatokea tabibu msafiri akafikia kwa liwali wa mji. Alipomwona Shuraihi akamwambia kwamba utando ule huondolewa kwa sindano, na mkewe, Bibi Rabaabu, akamsihi akubali. Akatibiwa, akafungwa kitambaa machoni. Kilifunguliwa asubuhi ya Ijumaa, baada ya Swala ya Alfajiri, na cha kwanza alichokiona kilikuwa uso wa mkewe.

"Rabaabu," akasema, "kumbe tumezeeka!"

"Mimi nilijua zamani," akajibu bibi, machozi yakimtiririka. "Wewe ndiye habari zimekuchelewa."

Furaha yao haikufika mbali. Tabibu alijisifu kwa mwenyeji wake, na jua halijapanda, liwali akamwita Shuraihi faraghani. Liwali huyu aliutwaa mji kwa nguvu, na khatibu wa msikiti, Sheikh Ubaidi, alikataa kulitaja jina lake katika dua ya Ijumaa, akajificha asiuawe. Ilivuma kwamba alikuwa kwa mjane mmoja, jirani na msikiti, lakini liwali alichelea kuivunja nyumba ya mwanamke mcha Mungu kwa uvumi mtupu.

"Sheikh Shuraihi, nakupongeza kwa neema," akasema liwali kwa upole. "Sharti la wakfu unalijua. Lakini nani ajuaye kwamba unaona? Ni mimi, tabibu na mkeo. Endelea kupapasa ukuta. Ukifika juu, nitazamie tu ua wa yule mjane."

"Na nikimwona mtu?"

"Utaniambia. Na chumba chako kitakuwa chako mpaka ufe."

Shuraihi akasema, "Jibu langu utalipata msikitini, inshallah." Liwali akaridhika, kwani alishazoea kuwapata watu kwa bei ndogo kuliko hiyo.

Nyumbani Shuraihi alimweleza mkewe yote. Bibi Rabaabu akashika kichwa.

"Mkatalie liwali, mume wangu, lakini watu usiwaambie. Tutahamia wapi na umri huu? Wewe panda tu, ufumbe macho. Mungu anajua kwamba umeyafumba."

"Mungu anajua," akasema Shuraihi. "Wanawake walio juu ya mapaa hawajui."

Bibi Rabaabu alilia sana. Kisha akainuka, akaanza kufunga vyombo.

Adhuhuri watu walipojaa, liwali akiwa safu ya mbele, Shuraihi hakuuendea mnara. Alisimama mlangoni akasema kwa sauti yake ile: "Enyi watu wa mji! Tangu leo asubuhi ninaona. Sharti la mnara limenitoka. Mtafuteni mwingine, na mpaka mtakapompata, funikeni nyua zenu, asije mwenye macho akapanda."

Kisha akaadhini hapo hapo mlangoni. Katika maneno yake hakumtaja liwali hata kwa ishara. Naye liwali hakuweza kumwadhibu waziwazi, maana angelazimika kueleza kwa nini alitaka jambo lile lifichwe. Alimtoa tu katika chumba, kama sharti lilivyosema.

Mji mzima ukatandika mapazia juu ya nyua. Yule mjane naye akatandika lake, na hakuna aliyemshuku, maana kila jirani alifanya hivyo. Chini ya pazia hilo Sheikh Ubaidi alikaa salama mpaka liwali mwenyewe akaja kuondolewa.

Akapatikana mwadhini mwingine kipofu, Nuumani, ambaye hakuzijua ngazi. Shuraihi akawa akitoka alikopanga, anamshika mkono kila swala, anampandisha hadi mlango wa juu. Hapo humwachia, kisha yeye mwenyewe hugeukia ukuta mpaka adhana iishe.

Mtu mmoja akamuuliza, "Mbona husogei hatua moja ukautazama mji? Alasiri unapendeza mno kutoka huko."

Akajibu, "Walionikaribisha kule juu walimkaribisha kipofu."

Akafariki, Mola amrehemu, hajauona mji wake kutoka juu hata mara moja.

Ndugu zangu, tunamwomba Mola atuhifadhie macho, na tuna haki ya kuomba. Tumwombe pia atujaalie kujua wakati wa kugeukia ukuta.