Tundu la Nyuma ya Choo

Sogeeni mbele, jamaa zangu. Mlio barazani ingieni ndani, nafasi ipo. Leo sitasema kwa upole. Mvua imekatika, mtaa bado unanuka, na sote humu tunajua unanuka nini. Lakini nikitaja mtu mtasema Imamu kasengenya, kwa hiyo nitawapigia mfano. Atakayejiona ndani yake asinikasirikie mimi.

Palikuwa na Alhaji mmoja, mtu wa safu ya mbele. Usafi wake ulikuwa ukizungumzwa mtaa mzima. Akipita njiani, mtu akamwaga maji ya vyombo, kanzu yake ikapata tone moja tu, anarudi nyumbani kubadilisha. Akitawadha utadhani anafua. Wapo kama yeye humu, nawaona, na sisemi kwamba ni vibaya. Tohara tumeamrishwa.

Nyumba ya Alhaji ilikuwa juu ya mteremko. Chini yake akikaa fundi cherehani na mkewe, na uani kwao kulikuwa na kisima ambacho nyumba zote za bondeni zilikitegemea kwa maji ya kunywa.

Ikaja mvua kubwa, ile ya masufuria kuelea sebuleni. Maji yakachanganya vyoo, oili ya gereji, kuku waliokufa, kila uchafu. Yalipopungua, mke wa fundi ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwatoa watu. Akasema tope hili halishikwi kwa mikono mitupu, na mtoto yeyote asionekane humu. Watu wakavaa gambuti. Waliokosa glovu wakafunga mifuko ya plastiki mikononi. Wakakikomba kisima mpaka chini, wakatia dawa, wakangoja, wakakikomba tena. Na Alhaji, tumpe haki yake, ndiye aliyenunua dawa na chokaa. Akaombewa dua, naye akaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Haukupita muda, mbingu ikaanza kufunga tena. Yule mama akajitanda khanga, akapanda mteremko mpaka kwa Alhaji. Kwa nini? Kwa sababu alijua jambo ambalo na nyinyi mnalijua. Nyuma ya choo cha Alhaji, kwenye ukuta wa shimo, kulikuwa na tundu lililozibwa kwa tofali na gunia. Mnacheka? Mnacheka kwa kuwa kila mmoja analijua tundu la jirani yake! Mvua ikichanganya, gunia linavutwa, choo kinatapishwa, na mvua inabeba. Gari la kunyonya lipo, lakini sharti uliite na ulilipe. Mvua haidai kitu.

"Shikamoo, Alhaji."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Nimekuja kwa heri tu. Lile tundu lako la nyuma, mvua ikirudi nakuomba usilizibue. Yote yanashukia kwangu, na kisima ndiyo kwanza tumekisafisha."

Alhaji akatabasamu, kama mwalimu aliyeulizwa swali jepesi. "Mama, umepita madrasa wewe? Maji mengi hayanajisiki, ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Mvua ile ni mto mzima. Ikifika kwako haina kitu."

"Mimi siulizi najisi, Alhaji. Nauliza ugonjwa. Watoto wanakunywa yale maji."

"Ugonjwa huletwa na Mungu. Nenda, mama, usiwe na wasiwasi."

Alasiri ile ile mvua ikashuka. Alhaji akavua kanzu yake, akaitundika vizuri msumarini isije ikaguswa. Akavaa kaptura kuukuu, akazunguka nyuma, akavuta gunia. Akasimama pale akitazama mpaka shimo likaisha. Kisha akaoga, akajifukiza udi, akavaa kanzu safi, akaja kuswali. Mtu mmoja, alasiri moja! Mtanisamehe nikipandisha sauti, lakini hapa kila mara damu inanichemka.

Baada ya siku chache, watu wametoka kuswali adhuhuri, fundi cherehani akatokea mlangoni pa msikiti. Matope yalikuwa yamempanda mpaka magotini. Alhaji alikuwa ameketi karibu na mlango, akanyoosha mkono kumzuia.

"Simama hapo hapo! Miguu hiyo ina najisi, utatuharibia zulia."

"Siingii, Alhaji. Nitoleeni jeneza la msikiti tu."

"Jeneza? Nani kafa?"

"Mke wangu. Ameharisha usiku kucha, kufika kituo cha afya mwili umekwisha maji. Na watoto wawili wa jirani wamelazwa."

Alhaji akaishika tasbihi yake, akasema, "Sote ni wa Mungu, mwanangu. Hiyo ni kudra. Subiri." Na fundi alipopita na jeneza begani, Alhaji akakunja pindo la kanzu yake asiguswe na yale matope.

Matope yaliyotoka chooni kwake!

Sasa semeni nyinyi. Huyu mtu alikuwa msafi? Kudra gani ile iliyohitaji mkono wake kuvuta gunia? Tunafanya kwa mikono yetu, halafu maiti akishatoka ndani tunamsingizia Mungu! Fiqhi tumeisoma mpaka mlango wa maji, mlango wa jirani hatujaufikia. Na ile dawa aliyoinunua, aliyoombewa dua kwayo, aliimwaga mwenyewe kwa gunia moja.

Na wewe wa bondeni unayetikisa kichwa ukifurahi kwamba leo wa juu wamesemwa, usitikise. Kuna wa chini yako, na tundu lako nalijua liko upande gani. Hakuna nyumba ya mwisho kwenye mteremko huu. Kila mmoja wetu anakunywa cha aliye juu yake na anamnywesha aliye chini yake, kisha tunakutana hapa bega kwa bega, tumenukia udi, tunasema tu wasafi.

Mtasema, Imamu, na manispaa je? Mitaro imeziba, gari la kunyonya ukilipigia simu haliji. Kweli. Manispaa ina kesi yake, nami nitakwenda ofisini kwao na nitaisema bila kumung'unya maneno. Lakini nitawaangaliaje usoni niwaambie safisheni maji yetu machafu, na wao wakiniuliza yamechafuliwa na nani? Gari hilo tutachanga mtaa mzima, liingie nyumba hadi nyumba, mwenye nacho amlipie asiye nacho. Na maji tuchemshe, hata ya kusukutulia.

Jambo la mwisho. Mnanijia mmoja mmoja mkiniuliza, Imamu, kanzu iliyorukiwa na maji ya mafuriko yafaa kuswalia? Swali hilo silijibu tena. Mwenye tundu akalizibe kwanza, alizibe kwa saruji na si kwa gunia, halafu arudi aniulize habari ya kanzu. Saruji na mchanga viko nje hapo, ubavuni mwa mlango, nimevileta mwenyewe asubuhi. Najua kuna watakaoona haya kuchota mbele za watu. Kuvuta gunia hatukuona haya. Haya, inukeni mkachote.