Kobe na Neno Lililogeuka

Paukwa!

Pakawa! Sogeeni basi, wadogo kwa wakubwa, nafasi ipo.

Hapo zamani za kale, ukungu ulipokuwa ukilala bondeni mpaka mchana, aliishi Kobe. Kobe huyu alikuwa na ulimi wa asali. Akisema, "Ndugu zangu wapenzi, nifuateni mahali salama," nyati walimfuata, ngiri walimfuata, hata vipepeo walimfuata.

Ukaja ukame. Kobe akajichimbia topeni, chimba, chimba, akalala. Akaota mto. Ukame ukapita, ukaja mwingine, nao ukapita, yeye yumo ndotoni tu.

Siku moja ardhi ikalia: ndu! ndu! ndu! Kobe akaamka. Akatega sikio. Lo, gharika! Maji yanashuka kutoka milima ya mbali. Akatoka mbio, mbio za kobe.

"Ndugu zangu wapenzi! Nifuateni mahali salama!"

Ngiri hao, vichakani! Nyati hao, wametimka! Mama Digidigi akamficha mwanawe.

"Babu Kobe, huna haya? Maneno gani hayo mbele ya watoto?"

"Nimesema nini kibaya, mama?"

"Ulipolala, Fisi aliyachukua maneno yako. Alituita ndugu wapenzi. Alituita mahali salama. Waliokwenda hawakurudi. Dada yangu alikwenda huko salama, babu. Siku hizi salama ni tumbo la Fisi."

Kobe akahisi baridi ndani ya gamba. Maneno yake yale yale, aliyoyalea kama watoto! Akajaribu tena, kwa sauti tamu zaidi. Wakazidi kukimbia. Na ardhi: ndu! ndu! ndu!

Akanyamaza. Ukungu ukapita juu yake, polepole, na ndani ya ukungu akasikia sauti. Ngiri alimwambia mkewe, "Tupite kwenye miiba hii, nami nimo." Digidigi alimwambia mwanawe, "Ruka mfereji, nami nimo." Mtoto akaruka, wala hakuuliza.

"Mama," Kobe akanong'ona, "Fisi naye husema hivyo?"

"Thubutu! Anayesema hivyo hutangulia mwenyewe. Fisi hupenda kubaki nyuma."

Kobe akageukia kilima. "Maji yanakuja," akasema. "Napanda juu. Nami nimo."

Akaanza kupanda. Guu moja, guu la pili. Nyuma yake kimya. Guu moja, guu la pili. Kisha akasikia kwato: chaka, chaka, chaka. Wanakuja! Ngiri akamsukuma kwa pua. "Panda, babu, panda!"

Walipofika juu, maji yakalifunika bonde lote, meupe, mapana, kama maziwa yaliyomwagika usingizini. Mtoto wa Digidigi akayatazama, akajibana kwa mamaye.

Ukame ukaja tena. Tope likamwita Kobe: lala, lala. Macho yakawa mazito.

"Unatuacha, babu?" akauliza Mama Digidigi.

"Nitalala kidogo kidogo, mama. Na kila nikiamka, mwanao anifundishe kusema."

Basi jueni, wanangu na wakubwa zangu: neno halikai mahali pamoja. Lililovuta watu jana, leo huwafukuza. Ukitaka kumshawishi mwenzio, sikiliza kwanza anavyosema leo, kisha utangulie wewe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na wenye usingizi walale, ila wasilale mno.