Kwa Nini Isale Halikauki

Haya niliambiwa na mama mkwe wangu siku nilipokuwa na kosa langu mwenyewe, nami nawaambia ninyi, wajukuu.

Zamani, huku mlimani, isale lilikuwa kichaka kama vichaka vingine. Kiangazi kikiingia, majani yake marefu yalikauka na kupukutika. Mwanamke mmoja, Mkunde, alilipenda sana. Alilitoa msituni akalipanda mbele ya mlango wake, na wapita njia wakalisifu.

Mwaka mmoja mvua hazikunyesha. Watu wa pale walitumia mfereji mmoja, kila nyumba na zamu yake. Mkunde alipoona isale lake linaanza kujikunja, aliamka alfajiri, siku ya zamu ya jirani yake, mjane mzee aitwaye Nakiete. Akautoboa ukingo wa mfereji kwa jembe, akayageuzia maji kwake. Kila zamu ya Nakiete ilipofika, akafanya vivyo hivyo. Nakiete alidhani chemchemi ya mfereji inakufa. Migomba yake ikalala, na ng'ombe wake wa pekee akabaki mifupa.

Ndipo akaja kwa Mkunde. "Mwanangu, nigawie majani ya ng'ombe. Kwako bado kuna kijani."

Mkunde akamkubalia. Nakiete alipoinama kukata, mguu wake ukazama topeni. Akaona mtaro mpya, akaufuata kwa macho mpaka kwenye ukingo wa mfereji uliotobolewa. Wanawake wengine walikuwa wakipita na mitungi yao. Nakiete akawajulia hali, asiwaambie alichokiona, akaenda zake mikono mitupu.

Heri angepiga kelele. Mkunde hakuweza kula. Aliuziba ule ukingo kwa mikono yake, akavunja kilele cha isale ili asiende mikono mitupu, akaenda huku akipanga maneno. Alimkuta Nakiete amekaa kando ya ng'ombe aliyekufa. Akalinyoosha lile isale kwa mikono miwili, macho chini.

Nakiete alimwacha asimame mpaka jua likawa kali. "Hili ndilo lililokunywa maji yangu?"

"Ndilo, mama."

Akalipokea, akalichomeka mpakani. "Tutaliona sote wawili."

Likashika mizizi. Kiangazi kilichofuata Mkunde alitamani likauke, maana aliliona kila asubuhi. Halikukauka.

Na tangu siku hiyo isale ni kijani mwaka mzima, nasi hulipanda mipakani. Aliyekosa hulipeleka kwa aliyemkosea, bila maneno mengi. Anayelipokea amesamehe. Anayelitoa huinamisha macho, hata leo, kwa sababu Mkunde hakuweza kuyainua.