Shahidi wa Mzee Dunga

Mzee Dunga, bahili wa kupindukia, alipangisha vyumba vyenye giza kama ndani ya chungu, kwa sharti moja: atakayewasha taa mchana, ahame siku hiyohiyo. Akimshuku mtu, alikwenda kuishika balbu. Ikimuunguza, virago nje.

Adhuhuri moja aligonga kwa Mwanaiba, mshonaji. Mwanaiba alizima taa ndipo akafungua.

"Nimeona mwanga chini ya mlango wako."

"Macho ya uzee hayo, baba. Si una shahidi wako? Mshike. Akiwa baridi, usinigongee tena."

Mzee alipanda kiti, akaishika balbu. Baridi.

"Nisamehe, mwanangu. Sitagonga tena."

Alipoondoka, Mwanaiba aliwasha tena taa yake ya LED, isiyopata moto, akashona. Balbu ya mzee aliyoikuta chumbani alikuwa ameifungia kabatini, amrudishie siku atakayohama kwa kupenda mwenyewe.